Aliyelazwa Kifudifudi

Kosa lenyewe ukilitazama kwa mbali ni dogo. Mtu mzima, mzee wa kanisa, aling'oa kibendera ardhini, akakitia mfukoni, kisha akaenda nyumbani kumdanganya mama yake. Basi. Hakuiba, hakumpiga mtu. Lakini mwenyewe ameomba hadithi ianzie hapo kwenye aibu yake, maana anasema ikianza na yale ya kutisha watu watamwonea huruma, na huruma hiyo hajaistahili.

Walimwita Mzee Bendera kwa sababu ya kazi. Kampuni moja ilikuwa imenunua shamba kuukuu lililokaa bila mwenyewe miaka mingi, na kabla trekta halijaingia ilitakiwa makaburi ya vibarua wa zamani yatafutwe, yawekewe alama, yapigwe picha, kisha yazungushiwe uzio. Litakaloonekana litabaki. Lisiloonekana litalimwa.

Sasa, makaburi ya vibarua hayana majina. Mbao zililiwa na mchwa, mawe watu waliyabeba wakajengee mabanda. Kinachobaki ni udongo kubonyea kidogo pale mtu alipolala. Mchana wa jua kali huoni kitu. Unaweza kuketi juu ya kaburi ukafungua chakula chako, ukala, ukashiba, ukajinyoosha. Ila jua likianza kulala na mwanga ukaja kwa ubavu, kila penye kubonyea hujaa kivuli. Ghafla shamba zima linakuwa kama godoro lililolaliwa na watu wengi.

Ndiyo maana kazi yao ilikuwa ya jioni. Mzee Bendera akiona kivuli cha urefu wa mtu, huchoma nondo nyembamba aliyoinoa ncha. Udongo uliowahi kuchimbwa haukazi tena kama zamani. Nondo huingia kama kwenye sabuni iliyolowa. Hapo husema polepole, "Pumzika," huchomeka kibendera chekundu, na kusonga mbele.

Jioni ile alikuwa na wenzake wawili. Mmoja ni dada mpiga picha, ambaye kila mtu alimwita Picha, msichana mwenye mdomo mwepesi na viatu vizito. Mwingine ni mlinzi wa shamba, mwanamume mkavu, mwenye kikohozi, aliyeendelea kulinda mle ndani hata pale hakukubaki tena cha kuibwa.

"Mzee Bendera," Picha alisema, "ukinichoma mguu na hiyo nondo nitakufa, halafu utanichomekea kibendera useme pumzika, uende zako."

"Wewe kwa kelele hizo utapumzika wapi? Majirani watakuhamisha."

Mlinzi alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Walimaliza safu za nyuma ya nyumba za vibarua. Betri ya kamera ikaisha, Picha akaenda garini kuchukua nyingine. Mzee Bendera akageuka kulitazama jua limebakiza nini, na hapo ndipo alipoona kivuli kimoja peke yake. Kilikuwa mbali na vingine, nyuma ya josho la ng'ombe, mahali hata magugu hayakuota vizuri.

Kifupi. Chembamba. Kama mtu aliyejikunyata.

Alikwenda. Akachoma nondo. Ikaingia bila kusukumwa. Akasema pumzika, akachomeka kibendera. Yote hayo kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

"Hilo liache, mzee," mlinzi alisema nyuma yake. Alikuwa amesimama mbali, hataki kusogea.

"Niliache kwa nini?"

"Hilo si la kuwekewa uzio. Mimi nilikuta watu wanasimulia... Watoto walikufa hapa. Mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Wakasema ni uchawi wa huyo aliyelala hapo. Alipokufa yeye, hawakumlaza kama watu wanavyolazwa. Walimlaza kifudifudi."

"Kifudifudi?"

"Uso chini. Ili akiamka akaanza kuchimba atoke, achimbe kwenda chini."

Upepo ulikuwa umetulia. Kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha muda mrefu.

"Jina lake nani?"

"Jina silijui. Walimwita Bibi Vinne. Kidole kimoja kililiwa na mashine ya kukoboa."

Mzee Bendera alikitazama kibendera. Alihisi masikio yake yanapata moto, kama mtoto aliyeshikwa.

Maana Mzee Bendera alimjua Bibi Vinne. Hakuwahi kumwona, lakini alimjua. Mama yake alikuwa akimsimulia habari za mkono wenye vidole vinne uliokuwa ukimsuka nywele, mkono wa mama yake mzazi. Na siku aliyopata kazi ile shambani, Mama alimshika kiganja akamwambia, "Mwanangu, mama yangu yuko mle. Mie nilitolewa nikiwa mdogo, watu walikuwa wanarusha mawe, sikuona alipozikwa. Ukimwona niambie tu. Nataka kujua amelala vipi."

Ombi lenyewe ni hilo. Hakutaka kingine duniani, macho yake yameshaingia ukungu, miguu imechoka, anataka kujua mama yake amelala vipi.

Naye mwanawe akawaza nini? Hakumwaza Mama. Aliwaza kanisani. Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama mbele, suti imepigwa pasi, akaongoza maombi ya kuwakemea wachawi na vizazi vyao. *Na vizazi vyao.* Alikuwa amelisema neno hilo kwa nguvu mpaka kipaza sauti kikapiga yowe. Watu wa kampuni walisali palepale. Kaburi likiwekwa kwenye orodha wataulizwa ndugu wa marehemu. Nani atasimama aseme mimi hapa?

Akainama. Aking'oa kile kibendera, anasema, alihisi kimeshikwa kidogo kwa chini, kama mtoto anavyoshika nguo ya mtu anayeondoka.

Kisha kikaachiwa.

Picha alirudi akihema. "Lile la kule nyuma ya josho je? Si nilikuona unachomeka?"

"Shimo la mnyama," alisema. "Nilikosea."

Mlinzi alimtazama. Kisha akatazama pembeni.

*

Nyumbani alimkuta Mama kitandani, amekaa, ameelekeza uso mlangoni kama anayesubiri mgeni. Mke wa Mzee Bendera alikuwa amekwenda kwao kuuguza, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili tu, mama na mwana, na redio.

"Umefika kule kwenye josho?" Mama aliuliza kabla ya salamu.

"Nimefika, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hukumwona?"

Hapa, anasema, alikuwa bado na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Sikumwona, Mama."

Mama alinusa hewa mara moja, kama mpishi juu ya sufuria.

"Basi," alisema. "Labda alishaondoka."

Usiku huo Mzee Bendera alisali muda mrefu, lakini sala zilikuwa za kuzungukazunguka, kama mtu anayeongea na baba yake huku ameficha kitu mgongoni. Asubuhi alikwenda kazini akiwa na uso wa kawaida. Walikagua vibendera, wafunga uzio wakaanza kuchimbia nguzo. Nyuma ya josho hakuenda.

Alirudi mapema, jua bado lipo. Chumba cha Mama kina dirisha dogo linalotazama magharibi, na jioni mwanga huingia humo chini chini, unapita juu ya sakafu mpaka mguu wa kitanda. Alisukuma mlango akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Akasimama.

Kati ya kitanda na dirisha, sakafu ilikuwa na kivuli.

Kifupi. Chembamba.

Sakafu ile ni ya saruji. Aliimwaga mwenyewe, akaipiga mwiko mwenyewe, akawafukuza kuku mwenyewe mpaka ikakauka. Sasa ilikuwa imebonyea. Haikupasuka, haina hata ufa wa unywele. Imebonyea tu kama godoro.

"Umechelewa kuona," Mama alisema kutoka kitandani. "Mie macho sina, nimeiona kwa miguu tangu jana ulipoingia."

"Ni... ni udongo wa chini umeshuka, Mama. Maji. Nitaita fundi."

"Ita. Labda fundi atajua na kinachokuna."

"Kinachokuna?"

"Nyamaza usikie."

Alinyamaza. Redio ilikuwa imezimwa. Nje jirani alikuwa akimfokea mbuzi. Kisha, mbuzi alipotulia...

*Kr. Kr. Kr.*

Chini ya saruji. Polepole. Kwa zamu, kama mtu anayefanya kazi ndefu na hana haraka.

"Panya," alisema.

Mama akacheka, kicheko chake kile cha kukoroma. "Panya gani huyo mwenye adabu? Anakuna jua likilala tu. Likishazama, ananyamaza."

Chai ilikuwa imemmwagikia vidole na hakuisikia. Alikuwa akitazama juu ya ile saruji iliyobonyea, palipokuwa na vumbi jembamba la udongo mwekundu. Ndani ya vumbi kulikuwa na alama ya kiganja. Haikuwa imewekwa kwa juu. Vumbi lilikuwa limeinuka, limesukumwa kutoka chini, kama unga juu ya ungo ukipigwa kwa chini.

Vidole vinne.

Alichukua kitambaa akafuta. Hilo nalo ni la aibu, na amesema litajwe: mbele ya mama yake asiyeona, alipiga magoti akafuta mkono wa bibi yake kama mtu anayefuta chai.

*

Kesho yake aliambiwa trekta litaingia siku inayofuata. Hapo akashikwa na homa ya kurudisha kibendera. Alijiambia: nikikirudisha, kaburi litazungushiwa uzio, bibi atatulia, Mama hatajua, kanisa halitajua. Alitaka kutubu bila mtu kusikia. Sijui kama wewe hujawahi.

Jioni alikwenda nyuma ya josho na nondo yake. Jua lilikuwa safi, limelala vizuri, mwanga wa kazi. Akatazama.

Ardhi ilikuwa tambarare.

Akaenda huku, akaja huku. Akalala kifua chini, shavu kwenye udongo, kama walivyozoea kufanya pakiwa na shaka. Hakuna kivuli. Makaburi mengine yote yalionekana ng'ambo, yamejaa giza lao, na vibendera vyao vinapepea. Hapa palikuwa laini kama meza.

Akachoma nondo. Ngumu. Akachoma pembeni. Ngumu. Akawa anachoma ovyo, huku anahema na jasho linaingia machoni, anaita, "Bibi. Bibi, uko wapi? Bibi..."

Nondo ikaingia.

Ikaingia, ikaendelea kuingia. Ikamponyoka mkononi ikashuka yote, na hakusikia mahali ilipogonga. Palibaki tundu dogo jeusi, na harufu ya udongo mbichi ikipanda kutoka humo kama pumzi ya mtu aliyelala.

Alikaa akilitazama.

Kisha ncha ya nondo ikatokeza.

Taratibu. Ikapanda mpaka usawa wa magoti yake, ikasimama, ikingoja ipokewe.

Yowe alilopiga liliwaleta Picha na mlinzi wakikimbia. Walimkuta ameketi, nondo iko mapajani, na tundu halipo.

"Mzee Bendera, nini? Nyoka?" Picha aliuliza.

Mzee Bendera alimtazama yule msichana, akamtazama mlinzi. Na hapo ndipo ulimi ulipofunguka, maana aibu nayo ikizidi sana huchoka.

"Halikuwa shimo la mnyama," alisema. "Ni kaburi. Ni la bibi yangu. Mama wa mama yangu mzazi. Nililiona, nikang'oa kibendera."

Picha alifunika mdomo. Mlinzi alivua kofia yake, akaikunjakunja.

"Nilijua una jambo," alisema. "Uso wako siku ile... Sasa sikiliza, na mimi nina la kwangu. Ile habari nilikusimulia nusu. Wale watoto walikuwa wakicheza hapa kwenye josho, wanachezea maji ya dawa ya kupe. Wazee wa hapa walijua, ila mwenye shamba hakutaka kusikia habari za dawa yake. Maiti za watoto hakuna aliyetaka kuzigusa, zilikuwa zimebadilika rangi. Yule bibi ndiye aliyeziosha. Kila mtoto aliyekufa, alionekana yeye ametoka mle ndani na maji mikononi. Ikatosha."

"Kwa hiyo hakuwa mchawi," Picha alinong'ona.

"Sasa mimi nitajuaje, dada? Nakwambia nilichosikia. Mchawi au si mchawi, alilazwa vibaya, na akawachimbia kweli, kwenda chini kama walivyotaka." Akakohoa. "Mzee, nyumbani kwako ni mbali na hapa?"

"Mbali."

"Na mama yako anaishi kwako?"

Mzee Bendera alikuwa ameshainuka.

*

Gari la kazi lilimkimbiza, na mwanga ulikuwa bado mwembamba dirishani alipoingia. Kitanda kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa sakafuni, ndani ya ule mbonyeo, unamtosha kama ameushonesha kwa fundi. Amelala kifudifudi. Shavu liko kwenye saruji, mdomo unatembea.

"Mama!"

"Shh. Tunaongea."

Alipiga magoti. Alitaka kumwinua lakini Mama alikuwa mzito ajabu, mzito kama mtu aliyeshikwa upande wa pili.

"Mama, nisamehe. Nilimwona. Nilimwona, nikasema sikumwona. Nilimwonea aibu."

"Najua. Uliingia unanuka yeye." Hakugeuza uso. "Lakini mie si wa kuambiwa hilo. Mwambie mwenyewe, yuko hapa."

Mzee wa kanisa akalala chini. Akaweka mdomo kwenye saruji aliyoimwaga kwa mikono yake, ya baridi, yenye ladha ya vumbi, akasema kila kitu. Alisema habari za kibendera. Alisema habari za Jumapili, za suti, za kipaza sauti. Alisema, "Mimi ni kizazi chako." Hakuomba kwa ufasaha, kamasi zilikuwa zinamtoka.

Kukuna kukakoma.

Halafu chini ya shavu lake, pale pale, kitu kikagonga. Polepole. Kikagonga tena. Kama mtu anayejibu hodi.

"Amesikia," Mama alisema. "Anasema kifua kinamuuma. Amelalia kifua tangu siku ile, na udongo wote mgongoni. Anataka kugeuzwa alale chali, basi. Halafu ataondoka."

Jua likazama. Mama akawa mwepesi, akanyanyuliwa.

Ungedhani hadithi imekwisha. Haijaisha, na hapa ndipo aibu yake ilipo leo hii.

Trekta lilipita nyuma ya josho. Hapakuwa na kitu cha kuzuia. Mzee Bendera alisimama kanisani akasema yote mbele za watu, kwa jina la bibi yake kama walivyomwita, na wengine walilia naye na wengine walihama benchi. Lakini alipowaomba waje wamsaidie, waliolia na waliohama wakawa kitu kimoja: hakuna aliyekuja. Mchungaji alisema ataombea akiwa kwake. Mkewe alituma habari kuwa mgonjwa wake hajapona. Picha alikabidhi kamera akatafuta kazi nyingine. Mlinzi alisema, "Mzee, mimi nalinda juu. Chini sikuajiriwa."

Naye mwenyewe amejaribu. Mara mbili amevunja saruji mpaka udongo, na mara zote mbili ameona mgongo: kitambaa chakavu, na mifupa ya mabega ikipanda na kushuka, kidogo sana, kama ya mtu anayepumua chini ya blanketi zito. Ameshika mabega hayo. Ameyainua. Lakini mtu mmoja hawezi kumgeuza mwenzake, na Mama hana nguvu za kushika upande wa pili. Ukishika mabega, miguu inabaki, mwili unajipinda, na kutoka chini inasikika sauti ya maumivu ambayo hawezi kuisimulia. Anaachia. Asubuhi sakafu imejifunga, saruji iko nzima, imebonyea zaidi ya jana.

Na Mama kitandani halali tena. Kila jioni hushuka mwenyewe, akajilaza mle, kifudifudi. Anasema akimwacha peke yake atajiona ametupwa mara ya pili. Kila jioni anakuwa mzito kidogo kuliko jana, na jua likizama anachelewa kidogo kuwa mwepesi.

Ndiyo maana Mzee Bendera ameomba habari hii isimuliwe hivi ilivyo, haya zake zote nje, kwa yeyote atakayesikia. Nyumba yao si ya kupotea, uliza kwa Mzee Bendera utaonyeshwa. Nyundo ipo. Koleo lipo. Mabega atashika yeye. Anatafuta mtu mmoja tu wa kushika miguu.

Tafadhali, njoo.